Naomba ushauri: mashine ya vakyumu ya bei nafuu ya kuhifadhia hopsi, kimea na hamira

Povu_Jeupe:
Wakuu habari za humu. Natengeneza bia nyumbani, pipa la lita 20 kila nikipata nafasi, na nimeona kununua hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) kwa vipakiti vya gramu 50 ni kujikamua bure, ukichukua kilo nzima kwa mkupuo unaokoa sana. Sasa kilo ukishaifungua unatumia gramu 40 au 60 tu, iliyobaki inakaa miezi. Kuikunja mdomo na kubana na klipu alafu kutupia kwenye friza naona haitoshi kabisa, harufu inapungua kila ukifungua.
Kwahiyo nataka mashine ya vakyumu, ile inayofyonza hewa kwenye mfuko na kuuziba. Nimezunguka mtandaoni mpaka kichwa kimejaa, kuna za bei chee, kuna za kati, alafu kuna zile za chemba, mfuko mzima unaingia ndani ya mashine, ambazo bei yake unanunua friza nyingine. Hii imeandikwa -60 kPa, hii -80, nyingine ina batani ya nyama, batani ya samaki, batani ya mboga. Mi nyama sina shida nayo. Nataka kuweka hopsi za peleti (zilizosagwa zikabanwa kama vidonge), kimea cha rangi kidogo kidogo, na kama inawezekana hamira kavu. Niangalie nini, na kipi ni mbwembwe tu za kuuzia? Bajeti ni ndogo wakuu, msinipeleke kwenye chemba.

Jiko_la_Nyuma:
Chemba ndo mwisho wa matatizo mkuu. Hizo nyingine utanunua mara mbili.

Kimea_Mkavu:
Mkuu usimsikilize Jiko kwenye hilo, kwa hopsi za nyumbani chemba ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Ngoja nikueleze kwa urefu kidogo maana hili jambo watu wanaanzia mwisho, wanaanza na mashine wakati mashine ni ya tatu kwa umuhimu.

Ya kwanza ni baridi. Hopsi zinaharibiwa na oksijeni, joto na mwanga. Zile alfa asidi zinazoleta uchungu zinaungana na oksijeni na kupotea, mafuta ya harufu nayo yanaruka, na zikizeeka vibaya zinaanza kunuka jibini, hiyo ni asidi ya isovaleriki. Kanuni ambayo watengenezaji wengi wanaitumia ni kwamba kila ukishusha joto nyuzi 15 za Selsiasi, kasi ya kuharibika inapungua kwa nusu. Sasa piga hesabu, kutoka nyuzi 20 za chumbani mpaka -18 za friza ni tofauti ya nyuzi 38, yaani kasi inashuka karibu mara sita. Hakuna mashine itakayokupa hiyo faida ukiwa umeacha hopsi kabatini. Na inategemea na aina pia, Cascade ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 20 inapoteza karibu nusu ya alfa yake, Magnum kwa muda huohuo inabaki na zaidi ya robo tatu. Kwahiyo kama friza yako ina nafasi ndogo, wape kipaumbele kina Cascade.

Ya pili ni mfuko. Plastiki ya kawaida ya poliethilini inapitisha oksijeni taratibu hata kama umeifunga vizuri kiasi gani. Mfuko unaofaa ni ule wenye tabaka la nailoni nje na poliethilini ndani, nailoni inazuia oksijeni na poliethilini ndo inayoyeyuka na kushikana. Kipimo rahisi, funga hopsi, weka mfuko mahali safi pasipo na harufu nyingine, kesho yake nusa. Ukisikia hopsi kupitia mfuko basi huo mfuko unavuja au ni mwepesi mno, na kama harufu inatoka ujue oksijeni nayo inaingia.

Ndo inakuja mashine. Na kwenye mashine kitu ninachokiheshimu kuliko namba za kPa ni batani moja tu, ile ya kufunga kwa mkono. Yaani unaona mfuko umebana kiasi unachotaka, unabonyeza, inaacha kufyonza na kuanza kuziba. Mashine nyingi za bei chee ni otomatiki peke yake, inafyonza mpaka yenyewe iridhike. Kwa peleti hiyo sio shida sana, ila kwa hopsi za maua zitapondwapondwa, na kwa kimea punje zenye ncha zitatoboa mfuko. Ukiikosa hiyo batani, acha hiyo mashine hata kama ni rahisi.

Fundi_Gasketi:
Kimea kamaliza karibu yote. Mi niongeze upande wa mashine yenyewe maana hizi nazifungua sana.

Hizo kPa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kama kPa 101. Mashine ikisema -60 maana yake imetoa 60, zimebaki kama 41, yaani sehemu mbili kwa tano za hewa bado zimo. Ikisema -80 zimebaki kama 21, sehemu moja kwa tano. Kwahiyo kati ya -60 na -80 oksijeni inayobaki inapungua kwa nusu, tofauti ipo, sio ndogo. Ila elewa hiyo namba ni ya pampu ikiwa imezibwa kabisa, sio ya ndani ya mfuko wako. Na ukikaa milimani hutaiona, maana hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, pampu haiwezi kutoa kisichokuwepo. Mashine ya bei ya chini kabisa ikikuandikia -95 mi naipita.

Sasa angalia ule ukanda wa kuzibia. Kuna waya au bamba jembamba la kupasha moto, juu yake kuna tepu ya Tefloni. Mashine dhaifu inaweka mstari mwembamba wa milimita 2 hivi, nzuri inaweka mpana wa milimita 4 au 5, au mistari miwili sambamba. Mavumbi ya peleti yanapenda kukaa hapohapo kwenye mstari, ukiwa mwembamba chembe moja inatosha kuacha njia ya hewa, ukiwa mpana kuna nafasi ya kushika pembeni ya ile chembe. Kwa kazi ya hopsi mstari mpana una thamani kuliko hizo batani zote za samaki na mboga, ambazo kimsingi ni muda tu wa kufyonza umebadilishwa majina.

Jambo lingine ni joto la mashine. Ukigawa kilo ya hopsi kwenye mifuko ishirini unaziba mfululizo, na za bei chee zinapata moto zinazima zenyewe, au ukanda unabaki na joto la awali mfuko unayeyuka ukifunga kifuniko kabla hata hewa haijatoka. Soma kitabu chake kinasema ipumzike muda gani kati ya mfuko na mfuko, alafu jipangie kazi yako hivyo. Jaza mifuko yote kwanza, iweke kwenye mstari, ndo uanze kuziba taratibu.

Na uliza spea. Mipira ya gasketi na tepu ya Tefloni ndo vitu vinavyokufa kwanza. Mashine ambayo gasketi yake hainunuliki peke yake ni mashine ya kutupa.

Povu_Jeupe:
Aisee nimeelewa vingi. Maswali mawili basi. Kwanza, nina mifuko mingi tu ya plastiki ngumu, ile laini isiyo na vinundu, naweza kuitumia? Pili, zile mashine zenye sehemu ya kuwekea roli ya mifuko na kisu cha kukatia zina maana yoyote au na zenyewe mbwembwe?

Fundi_Gasketi:
Mifuko laini hapana. Hizi mashine za mezani zinafyonza kupitia mdomo wa mfuko, mdomo unalala kwenye kile kijimfereji cha mbele. Pampu ikianza, kuta mbili laini zinagandana na hewa iliyoko chini haina pa kupita. Ndo maana mifuko yake ina vinundu au mistari upande mmoja, ile ni njia ya hewa. Chemba ndo inatumia mifuko laini kwa sababu yenyewe inatoa hewa ndani na nje ya mfuko kwa pamoja. Na hapo ndo Jiko ana hoja, mifuko laini ni rahisi, kwahiyo mtu anayefunga mifuko mingi kila siku, chemba inamrudishia hela. Wewe wa lita 20 hapana.
Roli na kisu ni starehe. Roli ni nzuri maana unakata saizi yako, lakini mkasi unafanya kazi ileile.

Kimea_Mkavu:
Na kuhusu roli, sio lazima ununue za jina moja na mashine. Roli za upana wa sentimita 20 au 28 zenye vinundu zinaingia kwenye karibu mashine zote za mezani, iwe FoodSaver iwe isiyo na jina. Angalia tu unene na kama imeandikwa ina nailoni. Kata mfuko mrefu kuliko unavyohitaji, kila ukifungua unakata mstari wa juu tu na unaziba tena chini yake, mfuko mmoja unaenda nao muda mrefu.

Mitungi_Tu:
Wakuu mbona hakuna aliyetaja mitungi ya glasi? Tafuta mashine yenye tundu la mpira pembeni, unachomeka mpira wa hewa na kile kikofia cha mtungi, unafyonza mtungi wa glasi wenye kifuniko cha bati. Hakuna mifuko ya kutupa, glasi haipitishi oksijeni hata kidogo, unafungua unachota unafyonza tena. Mi hopsi zangu zote ziko kwenye mitungi na sitarudi kwenye plastiki.

Fundi_Gasketi:
Mitungi naikubali kwa sharti moja, iwe imejaa. Mfuko unabonyea, hewa ikitoka nafasi yenyewe inaisha, kwahiyo kile kilichobaki ni kidogo sana kwa ujazo. Mtungi haubonyei. Ukiwa na mtungi wa lita moja umebaki robo ya hopsi, ile nafasi ya juu inabaki na moja kwa tano ya hewa hata kama pampu yako ni nzuri, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Kadiri hopsi zinavyopungua ndo oksijeni inavyoongezeka kwa kila gramu, kinyume kabisa na unachotaka. Alafu glasi inaingiza mwanga, ifunike.

Mitungi_Tu:
Hapo kwenye kujaa sawa, nahamishia kwenye mtungi mdogo kadiri zinavyopungua. Na friza yangu haina taa inayowaka muda wote jamani.

Dada_Hamira:
Naomba niingie kwenye hamira kavu maana Povu aliiuliza na naona imesahaulika.

Hapa inategemea na mtengenezaji, na wao wenyewe wameandika, kwahiyo hakuna haja ya kubahatisha. Fermentis wanasema pakiti ikifunguliwa ifungwe, ikae kwenye nyuzi 4 na itumike ndani ya siku 7. Lallemand wanasema siku 3 tu kama umeifunga kawaida, ila ukiifunga tena kwa vakyumu papo hapo baada ya kufungua unaweza kuiweka chini ya nyuzi 4 mpaka tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Ona tofauti hiyo, siku 3 dhidi ya miezi. Kwa mtu anayenunua pakiti kubwa za gramu 500 hapo ndo mashine inajilipa, tena haraka kuliko kwenye hopsi. Ila usafi uwe wa kweli, kijiko na mkasi vipitishe kwenye dawa ya kuua vijidudu na vikauke kabisa, maana unyevu mdogo unaiamsha hamira na ikiamka bila chakula inakufa. Hamira ya maji usiifunge vakyumu, hiyo ni hai na inatoa gesi, mfuko utavimba.

Na kitu kingine nakisema kwa uzito wote kwa sababu mtu akishakuwa na mashine anataka kufunga kila kinachoonekana. Matunda mabichi, rojo la matunda, uji wa kimea uliochemshwa ukabaki, hivyo visifungwe vakyumu na kuachwa kabatini. Yupo bakteria anaitwa Clostridium botulinum, yeye hewa ndo haitaki, ukimtolea oksijeni umemwandalia nyumba, na sumu yake haina harufu wala ladha ya kukushtua. Ule uji wa kimea kabla haujachacha pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi inazidi) ni karibu 5, na mpaka wa usalama ni 4.6, kwahiyo uko upande mbaya. Vitu vya maji viende friza moja kwa moja na vikiyeyuka vitumike. Hopsi, kimea, sukari, mbegu za giligilani, maganda makavu ya machungwa, hivyo ni vikavu, yeye hawezi kuota humo, funga bila wasiwasi.

Povu_Jeupe:
Dada asante sana, hiyo ya Lallemand sikuijua kabisa. Na kimea je? Kuna mtu kafunga kimea kilichosagwa?

Kimea_Mkavu:
Kimea kizima hakihitaji vakyumu kwa kweli. Kimea kina unyevu wa asilimia 4 au 5 tu, adui yake ni unyevunyevu na fukusi, ndoo yenye kifuniko cha mpira kinachobana inakitunza karibu mwaka sehemu kavu yenye ubaridi. Ukiamua kukifunga, kwa mfano kimea cheusi cha gramu 200 ambacho unakitumia mara moja moja, kiweke kwanza kwenye mfuko wa karatasi ndo uingize kwenye mfuko wa vakyumu, karatasi inakula zile ncha za maganda na mfuko hautoboki. Na hapo ndo ile batani ya mkono, zima mapema, usisubiri mfuko uwe jiwe.
Kilichosagwa ndo kinachakaa haraka, hicho vakyumu inakisaidia. Ila vumbi lake likifyonzwa likaingia kwenye pampu umeua mashine, karatasi tena. Ule unga wa ekstrakti ya kimea nao vilevile, tena huo unavuta unyevu wa hewani unageuka tofali ndani ya muda mfupi, huo kwangu unafungwa siku hiyohiyo unapofunguliwa.

Mvuke_wa_Asubuhi:
Nimefuatilia kimya, naomba kuuliza, mtumba je? Kuna mtu ananiuzia ya kwake bei poa sana, anasema ameitumia kidogo.

Fundi_Gasketi:
Mtumba ni sawa kama utaijaribu mbele yake. Fungua kifuniko angalia mpira wa gasketi, ule wa sponji unaozunguka. Ukikuta umelala bapa na una alama ya kudumu ya kubanwa, jua mwenyewe alikuwa anaihifadhi kifuniko kikiwa kimefungwa kwa loki, hautabana hewa tena. Sio mwisho wa dunia kama gasketi mpya inapatikana, lakini bei ishuke. Angalia tepu, ikiwa imeungua nyeusi au imekatika mahali, mstari utaziba vibaya hapohapo. Ziba mfuko mtupu pande zote mbili, ushike kwenye mwanga, mstari uwe wa kung'aa na sawa kutoka pembe hadi pembe. Alafu weka ndani kitu kigumu kidogo, fyonza, ziba, na uombe kuuacha mpaka kesho. Mfuko ukilegea usiku kucha usichukue. Na wewe ukishaichukua, iweke kifuniko kikiwa hakijafungwa, hilo tu linaongeza maisha ya gasketi kuliko matunzo mengine yote.

Jiko_la_Nyuma:
Haya nimekubali chemba ni kubwa kwake. Ila basi mwambieni na mifuko ya Mylar, ile ya foili, maana hopsi za kiwandani zinakuja kwenye foili kwa sababu, zinajazwa naitrojeni na foili haipitishi mwanga wala oksijeni.

Kimea_Mkavu:
Kweli kabisa, na inawezekana kwa mashine ya mezani. Foili ni laini, haina vinundu, kwahiyo unakata kipande chembamba cha ule mfuko wa vinundu, kama sentimita 3 kwa urefu wa kutosha kupita kwenye mstari wa kuziba, unakichomeka katikati ya mdomo wa foili. Hewa inapita juu ya hicho kipande, alafu mashine inaziba vyote pamoja. Foili nene inataka joto zaidi, kwahiyo ziba, subiri ipoe, ziba tena mstari wa pili pembeni. Usitupe ule mfuko wa foili uliokuja na kilo yako, ndo mfuko bora ulionao nyumbani.
Wapo wanaongeza kile kipakiti cha unga wa chuma kinachokula oksijeni iliyobaki. Inafanya kazi, ila kwenye baridi kali kinafanya kazi polepole mno, kwahiyo acha mfuko nje ya friza saa kadhaa kwanza. Na usichanganye na vile vipakiti vya kukausha unyevu, chuma kinahitaji unyevu kidogo ndo kifanye kazi yake.

Povu_Jeupe:
Basi nimeamua wakuu. Nachukua ya kati, yenye batani ya kufunga kwa mkono, mstari mpana, na gasketi zake nimeziona zinauzwa peke yake. Ya otomatiki yenye programu za samaki nimeiacha japo ilikuwa rahisi zaidi, na hela inayobaki naiweka kwenye roli mbili za nailoni. Imeandikwa -80, nitaridhika nayo. La mwisho, nikitoa hopsi kwenye friza, nifungue zikiwa baridi au nisubiri?

Dada_Hamira:
Subiri zifike joto la chumbani mfuko ukiwa umefungwa bado. Ukifungua zikiwa na baridi, unyevu wa hewani unaganda juu ya peleti, alafu unaufungia humohumo na kuurudisha friza.

Kimea_Mkavu:
Na bora zaidi ugawe kilo yote siku ya kwanza, mfuko mmoja kwa pipa moja, gramu 40 huku, gramu 60 kule, na zile za kutia bia ikishachacha (dry hop) nazo pembeni. Hivyo unafungua mfuko mara moja tu unautumia wote, hakuna cha kurudisha. Andika jina la hopsi, asilimia ya alfa na mwaka wa mavuno kwenye mfuko kwa maka kabla hujaujaza, ukishafyonzwa unakunjamana na maandishi hayakai.